Udongo na Masomo: Tukitazama kutoka Nyangwe

Katika mwaka 2009 wataalamu watatu, Oded Galor, Omer Moav na Dietrich Vollrath, walitoa andiko linalotuhusu sana. Wanafundisha hivi: pahali udongo uliposhikwa na watu wachache, masomo ya watu wote yalichelewa. Maana mwenye shamba kubwa anahitaji mikono. Mtoto akijua kusoma ataacha jembe, atakwenda mujini. Kwa nini basi mwenye shamba atoe kodi ya kujenga masomo? Neno hilo walilipima katika majimbo ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20.

Tunalisifu andiko hilo. Linatukumbusha kwamba ujinga wa maskini si uvivu wake. Mara nyingi yuko mtu anayepata faida kwao. Lakini tukilipeleka Nyangwe, kandokando ya Lualaba, tunaona upungufu mbili.

Kwanza, Nyangwe ya zamani haikukosa udongo. Livingstone alipofika huko mwaka 1871, utajiri wa Wangwana ulikuwa pembe na watumwa. Mkubwa alihesabiwa kwa wingi wa watu wake. Mwenye kupima udongo peke yake hamwoni mtumwa aliyelima mpunga.

Pili, mwenye udongo anaweza kuleta masomo yeye mwenyewe. Tarehe 1 Julai 1885 Leta ya Leopold ilitangaza kwamba inchi tupu ni mali yake. Askari za Dhanis walitwaa Nyangwe mwaka 1893, na amri hiyo ikafika nasi: shamba lililopumzishwa na pori la kuwinda vikaitwa tupu. Kisha, kwa mapatano na Kiti Kitakatifu ya tarehe 26 Mei 1906, Leta ilikubali kuzipa misioni hekitari 100 mpaka 200 kila moja, bure na kwa siku zote, nazo zifungue masomo pale inapowezekana. Baadaye, tangu miaka ya 1920, ikaongeza feza kwa misioni za Kibelgiji, karibu zote za Wakatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka mwaka 1948.

Basi mlango haukufungwa. Mwenye udongo alichagua nani ashike ufunguo. Kwa Nyangwe na Kasongo, kwenye Waislamu wengi, jambo hili lilikuwa zito. Baba Mwislamu aliyetaka mtoto ajue Kifaransa alitazama mlango wa misioni, akaogopa kumpoteza kwa ubatizo. Masomo ya Leta yasiyo ya misioni yalifunguliwa kwa Waafrika mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Buisseret. Mwaka uleule ndipo Lovanium ilipofungua mlango. Tena tangu mwaka 1917 kulima pamba kulikuwa lazima. Hapo wataalamu wana haki: waliotaka mikono hawakuharakisha masomo ya juu.

Sasa tujisemee wenyewe. Tunawashukuru mapadri na makatekista waliofundisha wazazi wetu bila kuchoka. Lakini shukrani isifute hesabu. Udongo uliosimama masomo yetu ulikuwa wa kijiji, na si watoto wote wa kijiji walioingia.

Wataalamu wanauliza: nani ana udongo mwingi? Sisi tunaongeza: nani alipewa udongo ili afundishe, naye alimwacha nani nje? Padri au katekista mwenye kusoma ukurasa huu awaulize wazee shamba la misioni lilikuwa la nani. Kisha awatafute wajukuu wao, aone kama wanasoma.