Kisu Kinachorudi Kesho Yake

Kidonda kinachokula nyama huanza na jambo dogo. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma anakanyaga msumari. Mkulima wa mpunga bondeni Kamsamba anajikata na jembe. Siku ya pili ngozi imevimba kidogo tu, lakini mwenyewe analia kwa maumivu yaliyokipita kidonda mbali. Ninamsifu kwanza tabibu anayeyaamini maumivu hayo kabla ngozi haijawa nyeusi.

Bakteria hutambaa juu ya utando unaofunika misuli na kuziba vijishipa vya damu. Penisilini na klindamaisini husafiri ndani ya damu, na damu isipofika, dawa nayo haifiki. Ndipo kisu kinapohitajika, tena saa hiyohiyo. Mpasuaji hufungua ngozi na kupitisha kidole: utando mzima hushikilia, uliokufa huachia bila ubishi na kutoa maji ya kijivu yenye harufu. Hukata hadi nyama itoe damu nyekundu na msuli ushtuke ukibanwa. Huruma humsukuma aache mapema. Ujuzi humwambia aendelee.

Kesho yake humrudisha mgonjwa mezani, akague alichokiacha, akate tena palipokufa usiku. Hapa ndipo heshima yangu inapozidi: mtu kuitilia shaka kazi ya mikono yake mwenyewe, kila siku, mpaka nyama yote iwe hai.

Pale Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika juu ya mikono ya wagonjwa wa kisukari iliyooza kutokana na mikwaruzo au kuumwa na wadudu. Taarifa yao ya 2002 ilisomwa hadi ng'ambo. Lakini Muhimbili iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Hata Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iko mwendo wa kilomita 100 hivi, kwenye barabara ya malori, na ugonjwa huu huhesabiwa kwa saa. Kwa hiyo nawakumbuka madaktari wasaidizi, ambao Tanzania ilianza kuwafundisha 1963, waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa wilayani kwa miongo mingi. Kisu cha kwanza kikishikwa Vwawa, njiani kuelekea Mbeya, na mkono uliofundishwa vizuri, mgonjwa huenda akafika Mbeya akiwa na mguu wake.

Kisha huja zamu ya muuguzi, ambayo ni ndefu kuliko ya mpasuaji. Humpa mgonjwa dawa ya maumivu, husubiri ikolee, ndipo aondoe shashi. Huosha, hunusa, hutazama kingo, hupima sukari. Wiki zikipita, nyama nyekundu yenye chembechembe hujaza shimo, na ngozi nyembamba iliyochunwa pajani hubandikwa juu yake. Ikishashika, muuguzi huyohuyo humfundisha dereva kukunja goti upya, kidogo kila asubuhi, maana kovu likiachwa bila mazoezi hujikaza, na mguu uliookolewa kwa kazi yote ile ukashindwa kukanyaga klachi.