Raha ya Pikipiki ya Safari

Mzoefu wa pikipiki anapofika umri wetu na kutaka ya safari ndefu, wauzaji humsifia nguvu za injini. Hilo ni jambo la vijana. Mzee na aanze na miguu yake.

BMW ilipotoa R 80 G/S mwaka 1980, ilifungua njia kwa pikipiki kubwa za kwenda lami na vumbi pia. Mrithi wake, R 1250 GS ya mwaka 2018, ina kilo 249 ikijazwa mafuta, kabla ya mizigo. Ikiwa mwendoni, sina la kuikosoa: kioo hupunguza upepo, mgongo hukaa wima, magoti hayabanwi. Lakini raha haipimwi mwendoni tu. Hupimwa pia pikipiki inaposimama mchangani, na inapoanguka. Nani ataiinua?

Royal Enfield Himalayan ya mwaka 2016 ilidharauliwa kwa injini yake ya cc 411, na ni kweli kwamba kwenye lami hupitwa na wengi. Hata hivyo, kiti chake kiko sentimita 80 tu kutoka ardhini, na ni nyepesi kuliko BMW hiyo kwa kilo nyingi. Ted Simon aliizunguka dunia kati ya mwaka 1973 na 1977 kwa Triumph ya cc 500. Haraka hakuwa nayo.

Nikizisahihisha kama mitihani, alama za mwendo naipa BMW. Za uzeeni naipa Himalayan. Mzee anayeogopa kusimama njiani, mwishowe haondoki nyumbani.