Bath ilitengeneza pisini, mgonjwa akabaki inje

Kila tukiongea juu ya mayi ya moto ya Kankule, kule Katana, lazima mmoja wa promosyo aseme: «Tutengeneze kama Bath!» Bon, tuiangalie basi hiyo Bath.

Ni mji wa Uingereza wenye chemchemi tatu za maji moto. Ile kubwa inatoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, digrii kama 46. Waroma walijenga pale, na kisha yao wagonjwa wa viungo na mifupa waliletwa kulowekwa humo miaka na miaka. Katika karne ya 18 mji ulianzisha hata hospitali kwa ajili ya maskini waliofuata hayo maji. Mwaka 1978 msichana mmoja aliogelea, akapata mikrobe inayoingia kwa pua na kufika kwa ubongo, akakufa. Wakafunga.

Walifungua tena Agosti 2006. Kazi yenyewe naisifu, siwezi kudanganya. Walichimba visima vya kuchota maji safi kutoka chini. Hot Bath ya zamani, ya John Wood mdogo, hawakuibomoa. Arshitekti Nicholas Grimshaw aliweka kando yake jengo la mawe na vioo, na pisini juu ya paa. Unaloweka mwili huku unaangalia mji wote. Lakini bei! Ilipangwa kama pauni milioni 13, ikaishia karibu 45. Na walichelewa miaka, hata rangi ya pisini ilibanduka kabla mtu hajaingia.

Kinachoniuma si rangi. Mwaka 1590 Malkia Elizabeth I aliweka chemchemi mikononi mwa mji, na mji ungali mlinzi wake. Lakini mlangoni kampuni ndiyo inauza tike, saa mbili mbili. Pale Hot Bath leo wanauza masaji ya majini. Mwenye magoti ya kuuma anaingia kama mtalii yeyote, akiwa na pesa. Jiwe lilirudishwa, maji yakarudishwa. Kutibu maskini, ambako ndiko kulijaza yale mabwawa, hakukuingia kwa mradi.

Kwa hiyo ninyi wa arshitektira na wa udaktari, mkileta karatasi za Kankule, nionyesheni kwanza mgonjwa asiye na franka ataingia siku gani, kwa mlango gani. Pisini ya juu ya paa tutaiongelea kisha.