Vinywa viwili vya kompani moja

Katika mwezi wa Aprili 2019 kompani ya Shell ilitangaza andiko juu ya vyama vya wenye viwanda ambavyo imo ndani yao, na juu ya yale vinayoyasema kwa Serkali katika mambo ya hali ya hewa. Wengi walilisifu. Inafaa tulipime, kwani mutu akifahamu hili atajua ginsi ya kusoma maandiko mengine ya namna ile.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Kompani kubwa haingoji sheria itoke ndipo iseme. Inatuma watu kwa mawaziri na kwa wenye kutunga sheria, kuwaeleza inataka nini na haitaki nini. Hilo peke yake si kosa: hata mulimaji ana haki ya kusema mbele ya Serkali. Lakini kompani ina vinywa viwili: kinywa chake, na kinywa cha chama inachokilipia. Kwa kimoja yaweza kusifu mapatano ya Paris ya 2015 juu ya joto la dunia. Kwa kingine sheria za kuyatimiza zinapingwa, na jina lake halionekani.

Shell ilipima vyama 19. Kwa 9 ilikuta mawazo yanapatana na yake. Kwa 9 vingine ilikuta tofauti kadhaa. Kwa kimoja, AFPM, chama cha wenye kusafisha petroli katika Marekani, tofauti ilikuwa kubwa hata ikaamua kukitoka. Haikufanya hivyo bila kusukumwa: iliombwa na watu waliotia feza zao ndani yake, kati yao mufuko wa pensheni wa Kanisa la Anglikana la Uingereza. Tukiri kwamba ni kazi njema. Kutaja mwenzako mbele ya watu na kumuacha si jambo jepesi.

Sasa upungufu wake. Mwenye kupimwa ndiye aliyeshika mizani: Shell ilichagua vyama, ikatoa na hukumu.

Tena, American Petroleum Institute ilitiwa kati ya vile vyenye «tofauti kadhaa», na Shell ikabaki ndani. Lakini Total ya Ufaransa ilikitoka chama hicho katika Januari 2021, ikisema kwamba katika uchaguzi kilisaidia watu wenye kupinga Marekani kuwa katika mapatano ya Paris. Basi neno dogo laweza kufunika jambo kubwa.

Upungufu wa tatu unapita yote. Andiko linaonyesha mawazo ya vyama, lakini si daftari la mazungumzo: nani alikwenda kwa nani, siku gani, juu ya sheria gani, kuomba nini. Hata sheria ya Marekani ya 1995 haijazi tundu hilo. Inadai waandikishe feza na jambo lililozungumzwa. Haidai waseme kama walikuja kulisaidia ao kuliangusha.

Kwa hiyo hatusemi andiko hili ni uongo. Tunasema ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Musomaji akipewa andiko la namna hii aulize: Mulitaka sheria gani ipite? Gani ianguke? Mulilipa nani aseme kwa jina lenu? Lisipojibu, asiliite wazi.