Kobe Asiyejua Kaskazini

XO-1, kompyuta mpakato ya mradi wa Laptop Moja kwa Kila Mtoto, ilitoka mwaka 2007, na leo simu nyingi zinazouzwa Arua, Uganda, zinaishinda kwa nguvu. Kwa umbo, haijashindwa. Masikio yake mawili ya kijani ni antena. Ukiyalaza yanabana kifuniko na kuziba matundu ya USB vumbi lisiingie. Kitu kimoja, kazi tatu. Haina feni. Kioo chake, kazi ya Mary Lou Jepsen, kikipigwa na jua kali hupoteza rangi lakini maandishi husomeka. Kwa West Nile, eneo la Arua na Koboko, lililokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, mashine inayotumia umeme kidogo na kusomeka uani si anasa.

Uhodari mkubwa zaidi umo ndani, kwenye Turtle Art, ambamo kobe huchora kwa amri za mtoto. Amri ni vipande vyenye meno na mapengo. Namba haikubali kukaa mahali pa kitendo, kwa hiyo kosa la sarufi linazuiwa na umbo lenyewe. Kosa la fikra linaachwa lipite, na hapo ndipo raha ilipo. Mtoto anayetaka pembetatu huandika: mbele 100, kulia 60, rudia mara 3. Anapata nusu ya pembesita. Pembe ya ndani ni 60 kweli, ila kobe hageuki kwa pembe ya ndani, anageuka 120. Amri hizo hazitaji kaskazini wala kusini, ni mbele na kulia kwake tu, hivyo asiyeelewa atasimama na kutembea mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyotaka Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, mmoja wa waasisi wa Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta ambayo Turtle Art imetokana nayo.

Kasoro iko kwenye jina la mradi. Skrini ya mwanzo inamweka mtoto mmoja katikati ya duara, na vitufe ni vya vidole vidogo vya mtu mmoja. Nchini Uganda mashine hizi zilifika Kasiisi, karibu na Fort Portal, mbali na Koboko. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 100, ikaishia karibu 200. Kwa shule ya Koboko, au ya watoto wa wakimbizi kule Lobule, hesabu hiyo ingeleta watoto kadhaa kwenye mashine moja, na kioo cha inchi 7.5 hakikutengenezwa kwa ajili ya kundi.