Génies en herbe: mchezo mmoja, kisha kurudi nyumbani?

Ndugu zangu wahitimu, tuseme ukweli: Génies en herbe, vile tunaipanga huku kwetu, inafaa ekipe ambazo zimeshazoea. Wapya wanakuja kujaza viti tu.

Mchezo huu ulizaliwa kwenye televisheni ya Radio-Canada mwaka 1972. Kongo umeota mizizi, na ni jambo zuri. Lakini angalieni ile namna ya kuondoana: unashindwa mara moja, umetoka. Sasa chukua ekipe ya Niemba. Wazazi wanachanga pesa ya njia, watoto wanne wanafika Kalemie, kengele ya kubonyeza wanaigusa kwa mara ya kwanza, na mbele yao kuna ekipe ya mjini inayofanya mazoezi kila juma. Dakika chache, imeisha. Wanarudi wakiamini kwamba wao ni wajinga. Si kweli.

Si kweli, juu maswali yenyewe yanapima kitu kingine. Mji mkuu wa Australia, mwandishi fulani wa Ufaransa: hayo unayakariri kwenye daftari za maswali ya zamani, na daftari hizo ziko mjini. Lakini uliza mto gani unatoa maji ya ziwa Tanganyika kuyapeleka Lualaba. Uliza mdudu gani anasambaza mozaiki ya muhogo. Uliza askari wa Umoja wa Mataifa waliouawa karibu na Niemba, Novemba 1960, walitoka nchi gani. Lukuga, inzi mweupe, Ireland. Haya nayo ni maarifa, si huruma. Hapo hata mtoto wa mjini atatoka jasho.

Wengine watasema tunashusha kiwango. Hapana. Swali likianza na kidokezo kigumu na kumalizia na chepesi, anayejua sana anabonyeza mapema, anayejua kidogo naye anabaki na nafasi. Kule Marekani, Academic Competition Federation inatenganisha hata mashindano: ACF Fall ina maswali mepesi, ACF Nationals ni ya waliokomaa. Nationals haikupoteza ugumu wake eti juu Fall iko.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne:

1. Tucheze kwa makundi kwanza, kila ekipe ipate angalau michezo mitatu. Vyumba viwili vikifanya kazi pamoja, siku moja inatosha.

2. Kabla ya kuanza, wapya wapewe muda wa kujaribu kengele. Baada ya shindano, kila ekipe iende na karatasi ya maswali na majibu. Hiyo njo daftari yao ya mazoezi.

3. Jibu la Kiswahili likubaliwe kama maana ni sawa. Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha za taifa. Juu ya nini mtoto anyimwe pointi sababu amesema "muhogo"?

4. Msoma maswali aache kucheka jibu baya kwenye mikro. Hilo haliombi hata franga moja.

Hii kazi ni yetu. Sisi wenye lisansi njo tunaitwa kuandika maswali na kukaa kwenye meza ya majaji. Mwaka ujao, kabla hatujauliza ni ekipe gani imebeba kombe, tuhesabu kwanza: kati ya zile zilizokuja mara ya kwanza mwaka huu, ngapi zimerudi?