Kasimile ya Wafaransa

Sosi ilikatika kabla sijashika uma. Ililetwa imezungushwa kwenye kipande cha kolekole, rangi yake kama maziwa ya ng'ombe, na sahani ilipotua mezani nikaona ukingoni mstari mwembamba wa mafuta ya manjano unajitenga, chini yake maji. Aliyelelewa karibu na jiko la pwani haambiwi ni nini hicho. Ni tui lililokatika. Ila hapa nazi haikuwepo, na bei ya sahani ile moja, ukiibadilisha kwa vijana wa fedha pale Horohoro, inanunua wali samaki zaidi ya mara kumi.

Mgahawa wenyewe sitautaja. Uko Diani, unajiita bistro, na wakazi wa Tanga tunaufikia kwa kuvuka Horohoro, kugonga pasi upande wa Lunga Lunga na kunyoosha hadi Ukunda. Diani mambo haya hawakuyaanza jana: Ali Barbour's, mgahawa ulio ndani ya pango la mawe ya matumbawe, upo tangu 1983. Ninaouzungumzia mimi ni mwingine, na sikuurudia kwa ajili ya kulalamika. Nilitaka kuelewa sosi ilikatikaje, kwa sababu vyote vilivyotangulia usiku ule vilipikwa na mtu anayejua kazi.

Jina lake ni beurre blanc, siagi nyeupe, na asili yake ni upande wa Nantes, magharibi ya Ufaransa. Vitunguu vidogo vinakatwakatwa, vinachemshwa katika siki na divai mpaka majimaji yabaki kidogo sana. Hapo sufuria inatolewa kwenye moto mkali, siagi ya baridi inaingia kipande baada ya kipande, na mkono haupumziki kupiga. Mhudumu, kijana wa Kidigo, alinitazama kofia akaniinamia: "Mzee, jikoni wanatia divai. Uwekewe ya ndimu?" Nikamwambia nitashukuru. Kitaalamu hakuna kilichopotea, maana kinachohitajika ni ukali, na ndimu inao wa kutosha.

Siagi ni mafuta kama asilimia 80. Kinachobaki ni maji zaidi, na protini kidogo za maziwa. Ukiipiga taratibu katika kitu chenye ukali, mafuta hugawanyika kuwa matone madogo sana yanayoelea majini bila kuungana, ndiyo maana sosi huwa nzito na nyeupe. Ikipita nyuzi joto 60 hivi, matone hayo hukimbiliana, mafuta yakapanda juu, maji yakabaki chini. Sasa chukua tui. Nalo ni matone ya mafuta ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi. Linastahimili zaidi, lakini likikaribia nyuzi 80 protini zinaanza kugandana na mafuta yanachuruzika. Ndiyo sababu mpishi wa kwetu hutangulizia tui jepesi, samaki akaivia humo, na kasimile, yaani tui zito, humwaga mwisho kabisa, huku akikoroga na kuteka kwa upawa, haachi hata akiitwa na mumewe. Wafaransa nao humalizia michuzi yao mingi kwa kutupia siagi baridi dakika ya mwisho. Kazi ni hiyo hiyo moja, na mama wa kijiji cha Moa aliyekuna nazi kwa mbuzi maisha yake yote angesimama mbele ya sufuria ya Nantes bila kutishika.

Basi nani aliikata sosi yangu? Nilidhani mpishi, mpaka nilipogusa sahani. Ilikuwa inaunguza. Mhudumu aliileta ameishika kwa kitambaa, akanionya nisiiguse, na mimi kwa ubishi wa uzee nikaigusa. Jiko la namna ile hupasha sahani ili samaki asipoe njiani, na ni desturi nzuri, lakini sahani hiyo ilikaa kwenye joto kupita kiasi. Sosi iliondoka sufuriani salama, ikaenda kufia kwenye udongo wa kuchomwa.

Afadhali nizungumzie pweza, maana yeye alitangulia na hakuwa na dosari. Mkono mmoja tu, umekaangwa juu hadi ukabadilika rangi kama mkate uliokolea, ndani laini kiasi cha kukatika kwa ubavu wa uma. Pweza wa bahari yetu huokotwa na wavuvi wa miguu maji ya bamvua yanapotoka na mwamba kubaki wazi. Nyama yake imejaa nyuzi ngumu za kolajeni. Ukimweka motoni kwa muda mfupi hujikunja na kuwa mpira wa baiskeli. Ukimwacha atokote polepole, saa nzima au zaidi, nyuzi hizo huyeyuka kuwa kama gundi laini. Kwetu tunampondaponda mwambani kwanza, tunamwinjika bila maji kwa kuwa atatoa ya kwake ya kutosha, na chumvi tunaichelewesha. Wengine hutia kipande cha papai bichi, na hilo nalo lina maelezo yake: utomvu wa papai hukata protini.

Mpishi wa Diani hakufanya jambo geni hata moja katika hayo. Alichofanya, na nilimuuliza baadaye akakubali, ni kumchemsha jana yake, kumwacha apoe ndani ya maji yake mwenyewe, kumlaza kwenye friji, na kumkausha kwa kitambaa kabla ya kumtia kwenye kikaango cha moto mkali nilipoagiza. Dakika nne. Ngozi kavu hukaangika. Ngozi yenye maji huchemka tu, haibadiliki rangi. Kwa hiyo kazi ya saa moja na nusu nilikuwa nimeshafanyiwa kabla sijatoka nyumbani.

Hapo ndipo bistro inapouza. Vitunguu vimeshakatwa, mchuzi wa mifupa umeshachujwa, mboga zimeshachovywa katika maji moto zikatolewa, kila kitu katika bakuli lake. Wao huita mise en place, yaani kila kitu mahali pake. Auguste Escoffier, aliyetoa kitabu chake kikubwa cha mapishi mwaka 1903, aliligawa jiko kama kikosi cha jeshi: huyu wa sosi, huyu wa samaki, huyu wa nyama za kuchoma. Mteja anadhani anapikiwa, kumbe anamaliziwa.

Na ule utaratibu wa sahani kuja moja moja, ambao sisi tunauita ulaji wa Kifaransa? Ni wa Kirusi. Wafaransa wa zamani waliweka vyakula vingi mezani kwa pamoja, kila mtu akajichotea, jambo ambalo mtu wa sinia hawezi kulicheka. Namna ya Kirusi iliingia Paris mwanzoni mwa karne ya 19, na ikashika kwa sababu chakula kilifika kikiwa moto. Hata neno bistro wapo wanaolipeleka kwa askari wa Urusi waliokuwa Paris mwaka 1814, eti walikuwa wakipiga kelele waharakishiwe. Kisa kitamu, lakini neno halionekani katika maandishi mpaka miaka ya 1880, na wanaisimu hawakiamini. Lililo wazi ni kwamba bistro ilikuwa sehemu ya kula ya watu wa kawaida. Baadhi ziliendeshwa na wahamiaji wa Auvergne waliouza mkaa na divai katika chumba kimoja. Mama ntilie na mkaa wake, tuseme.

Nimerudi Horohoro nikakaa kwenye kibanda karibu na yanapoegeshwa malori, nikakipima kwa kipimo kile kile. Samaki ni mbichi kuliko wa Diani, maana barabara ya Tanga hadi mpakani, kilomita 65, ilishawekwa lami kwa fedha za mfuko wa MCC wa Marekani na barafu haiyeyukii njiani tena. Pweza wa nazi wa mama mwenye kibanda, saa sita na nusu, alinishinda kumwekea kasoro. Nilimweleza habari ya kumchemsha usiku na kumwacha alale katika maji yake. "Mwanangu," akasema, japokuwa ananizidi miaka michache tu, "mie huyo namchemsha tangu jana magharibi. Asubuhi ni kumtilia tui."

Udhaifu wake ni mmoja. Kasimile huimwaga sufuria nzima kwa mara moja, kisha sufuria inakaa jikoni ikisubiri madereva wanaochelewa forodhani, na kila anayefika inapashwa. Angeigawa, robo kwa robo, akamalizia kidogo kidogo kadiri wateja wanavyoingia, asingehitaji kujifunza kitu kingine chochote kutoka Diani. Nilimwambia. Akacheka, akasema nani atamkunia nazi mara nne.

Kwa hiyo ukipita Horohoro na umetamani pweza wa nazi, fika kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo tui lina mafuta juu.